Kingo za Anaeli

Simu ya Neema iliita nikiwa nimepanda juu ya kiti cha plastiki, nafuta vumbi la kabati, kazi ambayo daktari wa magoti amenikataza. "Shikamoo shangazi. Baba ametutoka," akasema, na mimi, badala ya kutoa pole kama mtu mwenye adabu, nikauliza, "Saa ngapi?" Kana kwamba saa ingenisaidia kitu. Nilishuka taratibu, nikakaa kwenye kiti kile kile nilichokuwa nimekikanyaga, nikatazama dirishani. Hapa Moshono siku hizi ukitazama dirishani unaona ukuta wa jirani, na juu ya ukuta unaona nyaya, na asubuhi ukiwa na bahati unaona kipande cha mlima Meru. Nilipohamia palikuwa na migomba mpaka barabarani. Nilikaa pale mpaka sufuria niliyoinjika jikoni ikakauka maji na kuanza kunuka. Anaeli, baba yake Neema, aliishi kipofu zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote nilikwenda kumwona mara tatu. Tatu! Kutoka hapa hadi kwake Momela si safari. Watu wanatoka Ulaya kuja kutazama flamingo kule kisha wanarudi kwao na zawadi. Mimi sikwenda kwa sababu niliogopa, na hicho nilichokiogopa ndicho nataka kukisema hapa kabla na mimi sijaitwa.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani, hayo hayana kazi hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Sekei, na nimeajiriwa katika studio ya picha karibu na soko kuu. Kazi yangu ilikuwa meno. Usicheke. Maji ya upande huu wa Meru yanapaka meno rangi ya kahawia, kila mtu wa huku anajua, na kila mtu wa huku akipiga picha ya harusi anataka meno ya mtu wa Dar. Basi mimi nilikaa nyuma ya pazia, mbele ya kioo chenye taa chini yake, na penseli niliyoichonga mpaka ikawa kama sindano, nagusa jino moja moja kwenye negativu, ile filamu kabla picha haijachapishwa, mpaka bwana harusi anang'aa. Kwa hiyo jicho langu lilikuwa limefundishwa kutafuta kasoro. Nasema hivyo ili mtu yeyote asije akanitetea kwamba nilikuwa binti mdogo, sikujua kutazama. Nilijua kutazama. Nilikuwa nalipwa kwa kutazama.

Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza moja, jiko la mafuta ya taa, na ndoo tatu za kuoshea picha, maana mwenye studio aliniruhusu kutumia dawa zilizobaki kwenye mambo yangu. Mwaka ule mvua zilikuwa za kubahatisha, bomba la Sekei lilitoa maji siku lilipopenda, na mama mwenye nyumba alinisema kila Jumamosi: "Ruthi, watu wanatafuta maji ya kunywa, wewe unaogesha makaratasi!" Nilimjibu kwa heshima kisha nikaendelea kuogesha makaratasi. Kwa sababu ya makaratasi hayo nilikuwa na kitu ambacho wasichana wenzangu hawakuwa nacho. Nilikuwa ndani ya Bahasha.

Tulikuwa watano. Mimi, Mwalimu Loishiye wa Nduruma (Mwarusha mrefu aliyefundisha hesabu na kupiga picha ng'ombe wake kuliko mke wake), Anaeli wa Momela, na wawili ambao sikuwahi kuwaona uso kwa uso, mmoja Tanga na mmoja Bukoba, niliowajua kwa mwandiko tu. Wote tulipata riziki, au nyongeza yake, kwenye picha za vitambulisho, harusi na ubatizo, na wote tulikuwa na picha nyingine ambazo hakuna mteja aliyezitaka. Hizo ndizo tulizozitia kwenye bahasha moja ya kaki, kubwa, iliyogandishwa gundi mara nyingi mpaka ikawa ngumu kama ngozi. Inatoka kwangu, inakwenda Nduruma, Mwalimu anaituma Momela kwa sanduku la posta la shule, inakwenda Tanga, inakwenda Bukoba, inarudi Arusha. Ikikufikia, unatoa picha yako ya zamani, ambayo sasa ina maneno ya wenzako wanne mgongoni, unaweka mpya, na unaandika mgongoni mwa picha za wengine. Penseli tu, kwa mkono mwepesi, maana wino unapenya. Kabla hujaandika, picha sharti ishinde kwako siku nzima ukiwa umeiegemeza mahali utakapoiona ukila. Mimi niliegemeza kwenye chupa ya chai, nikala makande yangu nikiwa nimekodolea macho uso wa bibi mmoja wa Bukoba nisiyemjua. Neno "nzuri" lilikuwa marufuku, ukiandika "nzuri" Mwalimu anachora duara na kuuliza "kwa nini?" Na palikuwa na sharti moja zaidi, ambalo Mwalimu alilitunga baada ya watu kuanza kujaza migongo ya picha kwa pole za misiba na salamu kwa watoto: andika unachokiona ndani ya picha, usiandike unachokijua nje yake. Nililipenda sana sharti hilo. Lilinifanya nijione msomi.

Picha za Anaeli zilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mtu yuko katikati, mwanga umetulia, pembeni hakuna kitu. Tulimheshimu lakini, niseme kweli, alituchosha kidogo. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na minane, mpole, mfupi, na alichapisha picha zake katika stoo ya hoteli moja ndogo yenye jenereta, ambayo ilimwazima chumba ili naye awapigie picha wageni wake. Kisha mwanzoni mwa mwaka ule ikaja picha yake ya mama mmoja anapepeta maharage. Katikati kila kitu kilikuwa sawasawa, mpaka vidole vinahesabika. Lakini kushoto palikuwa na nusu ya mbuzi. Kulia kiwiko cha mtu kimeingia bila mwili. Juu kabisa, miguu miwili ya mtoto aliyekaa kwenye tawi, bila mtoto. Niliiegemeza kwenye chupa ya chai na nilisahau kula. Ilikuwa kana kwamba dunia nzima inabisha hodi kwa yule mama na yeye hana habari, anapepeta tu. Nikaandika mgongoni, nakumbuka kila neno: "Kingo zimefunguka. Sisi wengine tunafagia, wewe umeacha watu waingie. Usirudi nyuma." Nilijisomea mara tatu kwa sauti. Nilijipenda mno siku ile.

Bahasha iliporudi mzunguko uliofuata ilikuwa na kikaratasi cha Anaeli. "Dada Ruthi, asante kwa maneno yako. Lakini kingo zipi? Nimeitoa picha nikaitazama tena polepole, kweli mbuzi yupo. Siku ile sikumwona." Hivyo tu. Bahasha ilipokwisha kufika Nduruma, Mwalimu Loishiye alikuja mjini kununua karatasi za picha, akapita studio, akainama kuingia nyuma ya pazia na kofia yake mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umesoma kikaratasi cha Anaeli? 'Sikumwona'! Mtu anafanya jambo kubwa namna hii na hajui anafanya nini. Huyo ndiye fundi wa kweli. Ukijua sana, unaharibu." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka peke yake, kisha akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. "Na aliyeliona kwanza ni wewe. Sisi wazee tulikuwa tumelala."

Loo, jamani! Mtu aliyekuwa akinichorea maduara! Nilirudi kwenye meno yangu nikiwa sijielewi kwa furaha. Baada ya hapo yule wa Tanga aliandika mgongoni mwa picha nyingine ya Anaeli, "Kama alivyosema Ruthi wa Arusha, kingo." Yule wa Bukoba akaandika, "Kingo tena!" Na sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo pa kucheka au kulia. Sote tukaanza kumwiga. Yule wa Tanga akatuma nusu ya baiskeli. Mwalimu akakata vichwa vya ng'ombe wake mwenyewe. Mimi nilisimama sokoni nikiwaambia akina mama wa ndizi, "Sogea huku kidogo mama, nataka sikio lako tu," nao wakaniuliza kama nina akili timamu. Watu wanne wenye macho mazima tulihangaika miezi kadhaa kujifunza kuona kama mtu ambaye macho yake yalikuwa yanakufa.

Mwezi wa saba nilipata siku mbili za mapumziko nikaamua kwenda kumwona fundi wetu kwake. Nilipanda mbele kwenye loli lililokuwa linakwenda kuchukua vitunguu, dereva akanishusha njia panda, nikatembea. Ni msimu wa baridi, ukungu umeshuka mpaka nusu ya mlima, lakini kwa Anaeli jua lilikuwa limetoboa. Nilimwona kutoka mbali. Alikuwa amepiga goti uani, kamera usoni, anampiga picha binti yake Neema, mtoto wa miaka sita hivi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria kichwani kama kofia. Nilikuja kwa upande wake wa kushoto. Sikutaka kumkatiza, basi nilipofika karibu, kama hatua nne kutoka pale alipo, tena mbele yake kidogo, nikasimama na kuinua mkono nikampungia. Neema aliniona, akacheka kwa mdomo wote, meno mawili ya mbele hayapo. Baba yake akabonyeza. Nikapunga tena. Akavuta mkanda wa filamu, akapangusa kioo cha kamera kwa shati, akasimama, akanigeuzia mgongo aingie ndani. "Hodi basi!" nikasema, na yule mtu akaruka kama aliyemwagiwa maji. "Dada Ruthi! Umefika saa ngapi?" Nilicheka. Nilijisemea, tazama mtu anavyozama kwenye kazi.

Tulikula loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando, sebuleni, chumba kidogo chenye vitambaa vyeupe juu ya kila kiti na kalenda ya Usharika ukutani. Alipoingia alijigonga bega kwenye fremu ya mlango, akasema, "Mlango huu umehama," sote tukacheka, Neema kuliko wote. Mkewe, Mama Neema, aliweka kikombe cha chai upande wa mkono wake wa kulia. Alipogeuka kunionyesha kitu akakipiga kwa kiwiko, chai yote ikaenda kwenye kitambaa. Mama Neema alifuta, akamimina kingine, safari hii akakiweka mbele yake kabisa, katikati, akamshika mkono na kuuongoza mpaka kwenye sikio la kikombe. Nilikuwa nimekaa mkabala nao. Niliyaona yote hayo jinsi ninavyoiona kalamu hii.

Baadaye nilipeleka vyombo jikoni, jiko la nje lenye moshi, na kabla sijainama kuingia nilimsikia Mama Neema akiongea Kimeru na jirani aliyekuja kuomba moto. Jirani alikuwa anasema, watu wanasema mumeo siku hizi amelewa tangu asubuhi, juzi amempita mchungaji njiani bila salamu. Mama Neema akajibu, "Hajaonja pombe tangu tuoane. Hamwoni mtu mpaka asimame mbele ya pua yake." Waliponiona walinyamaza. Jirani alipoondoka na kaa lake, Mama Neema alinishika kiwiko. Alikuwa ananiita wifi, kwa kuwa mumewe aliniita dada.

"Wifi, wewe unajua mambo ya macho kwa kazi yenu. Nikuulize. Kaka yangu yuko Moshi, kuna hospitali ya macho kule, amesema tumpeleke wiki ijayo, atatupokea. Anaeli hataki. Anasema wenzake wa picha wanasema anaona kuliko wote. Akikusikia wewe atakwenda. Mwambie aende tu apimwe. Je, haoni vizuri, au ni mimi nawaza vibaya?"

Nilikuwa nimeshika sahani yenye maji. Nakumbuka lile tone lililokuwa linatembea kwenye ukingo wake. Nilifikiri kidogo, si sana, nikacheka kicheko cha mtu wa mjini, nikasema, "Wifi yangu, huyu haoni vizuri? Anaona kuliko sisi wote. Wale wa Tanga na Bukoba wanajifunza kwake. Usimtie hofu bure, ni mawazo ya kazi tu." Anaeli alikuwa anapita uani nyuma yetu. Alisikia. Aliita kwa sauti ya furaha, "Unasikia, Mama Neema? Unasikia?" Na yule mwanamke akaniachia kiwiko, akainama kuchochea moto, akasema, "Haya. Kama ni wewe umesema." Wiki iliyofuata hawakwenda Moshi.

Ningeweza kuishia hapo, nikaitwa mjinga, nikasamehewa kama wajinga wanavyosamehewa. Lakini mwezi wa nane mwishoni Bahasha ilirudi kwangu na ndani yake palikuwa na picha ya Neema na sufuria kichwani. Nilirudi nyumbani kutoka kazini, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai kama ilivyo desturi, nikachukua kijiko. Katikati mtoto anacheka, kila mkunjo wa gauni unaonekana. Hatazami kamera. Anatazama pembeni. Na pembeni kabisa kushoto, umeingia kutoka nje ya picha, mkono mmoja ulioinuliwa, vidole vimetawanyika, nusu ya mkono wa sweta, na saa ya kiume yenye kioo kilichopasuka. Ile saa ilikuwa mkononi mwangu wakati naitazama picha. Yule wa Tanga alikuwa ameandika mgongoni, "Mkono huu wa nani? Unaitetemesha picha yote." Yule wa Bukoba alikuwa ameandika, "Kingo za Anaeli. Nimeishiwa maneno." Niliweka kijiko chini. Niliinua mkono wangu mbele ya uso, nikautazama mmoja kisha mwingine, ule wa nyama na ule wa karatasi. Yote yakaja kwa mstari mmoja. Hatua nne. Nimepunga mara mbili. Mtoto ameniona. Mlango umehama. Kikombe. Mchungaji njiani. Mbuzi ambaye Anaeli alisema hakumwona.

Nilijua. Sitaki kuzunguka. Kwa muda wa chakula kimoja cha jioni, mimi Ruthi, nilijua kwamba Anaeli haoni pembeni, na kwamba picha zake zilikuwa zinatuambia hivyo tangu mwanzo wa mwaka kwa sauti kubwa, na sisi tunazipigia makofi. Nilipaswa kufanya nini? Kuchukua karatasi, kumwandikia Mama Neema mistari miwili: mpeleke Moshi, nilikosea. Basi. Au nivunje sharti la Mwalimu niandike mgongoni: mkono ni wangu, nilikuwa nakupungia, kwa nini hukuniona? Nilishika penseli kabisa. Halafu nikaanza kuwaza Mwalimu atasemaje. Nikawaza yule wa Tanga atasoma kwamba "kingo za Ruthi wa Arusha" zilikuwa ugonjwa. Mtu wa kwanza katika maisha yangu kuniambia nimeona kitu kabla ya wazee, ningemwambia sikuona kitu. Nikajiambia pengine alikuwa amezama tu kwenye kazi. Nikajiambia sharti ni sharti, tunaandika kilichomo ndani ya picha. Nikaandika: "Mkono huu usiukate. Ndio picha." Nikaifunga bahasha hapo hapo, nikala makande yaliyopoa.

Mwezi wa kumi na mbili Mwalimu Loishiye aliingia studio bila hodi, kofia ikiwa bado kichwani. Anaeli alikuwa ametembea mchana kweupe akaanguka kwenye mfereji wa maji ya mashamba, mfereji ambao amezaliwa ameukuta, na akavunjika nyonga. Walipomlaza, daktari alimwekea taa pembeni ya uso na kuuliza kwa nini hageuzi macho, na ndipo akapelekwa kule Moshi. Presha ya macho. Inaanza kula pembeni, haiumi, na mwenye nayo hajui, kwa sababu katikati bado anaona mpaka sindano. "Daktari anasema alikuwa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo," Mwalimu akasema. "Anasema kilichokwisha kwenda hakirudi, dawa inalinda kilichobaki tu. Angefika katikati ya mwaka kungekuwa na cha kulinda." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ruthi, sisi tulikuwa tunaandika nini kwenye zile picha?" Sikumwambia habari ya mkono, wala ya jikoni, wala yeye hakuuliza tena, na alikwenda kaburini kwake miaka kumi baadaye akiamini kwamba tulikosea sote sawasawa.

Bahasha wakati huo ilikuwa kwangu. Sikuituma. Hakuna aliyeiulizia. Ndani ya miaka minne Anaeli alikuwa hatofautishi mchana na taa. Mara tatu nilizokwenda, tulinywa chai, tukaongea mvua na bei ya vitunguu, na Mama Neema aliniita wifi kama kawaida, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko matusi.

Sasa nirudi kwenye msiba. Siku ya maziko nilisimama nyuma kabisa, nikaimba nyimbo na wengine, nikaondoka kabla ya chakula. Wiki moja baadaye Neema alinipigia kwamba kuna bati la biskuti la picha za baba, na mama anataka nizione. Nilikwenda. Sebule ni ile ile, vitambaa ni vingine. Mama Neema, mzee sasa, alikuwa kwenye kochi na ungo mapajani, anachambua mchele kwa kuugusa zaidi kuliko kuutazama. Neema, mwanamke wa makamo, muuguzi, aliweka bati mezani, akafungua.

"Hizi nazijua zote kwa kichwa, shangazi," akasema. "Baba aliniketisha hapa tangu nimejua kusoma. Ananipa picha anasema, nisimulie. Nikianza, 'kuna mama anapepeta,' ananikatiza: 'Katikati napajua. Nianzie pembeni.' Basi namwambia, kuna mbuzi nusu, kuna kiwiko cha mjomba Elia, kuna miguu ya mtoto wa jirani. Watu wote wa pembeni tuliwatafuta tukawapata majina, niliwaandika nyuma kwa penseli. Alisema anataka kuwajua wote ambao walikuwepo na yeye hakuwaona." Akachomoa moja akaisogeza kwangu. "Amebaki mmoja tu. Huyu. Namtazama mimi mwenyewe, nacheka, lakini simkumbuki. Baba ameuliza miaka yote. Hata wiki ile ya mwisho ameuliza, mkono wa nani?"

Nikageuza picha. Mgongoni mwandiko wangu wa ujana ulikuwa bado umekolea. Mkono huu usiukate. Ndio picha.

"Ni wangu," nikasema.

Neema alinitazama, akaitazama picha. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nampungia baba yako."

"Kutoka wapi?"

"Hatua nne."

Vidole vya Mama Neema vilisimama kwenye mchele. Hakuinua uso. "Ni siku ile uliyokuja na loli la vitunguu," akasema.

"Siku ile ile, wifi."

"Kabla sijakuuliza jikoni."

"Kabla. Na picha ilipofika kwangu mwezi uliofuata nikaelewa, nikakaa kimya. Nilijua, wifi. Nilijua wakati bado kuna wakati."

Hakuna aliyelia, na hakuna aliyenipigia kelele, ingawa nilitamani. Nje kuku alikuwa anachakura mchanga. Neema alichukua penseli kutoka kwenye mfuko wa gauni lake la kazi, akaandika chini ya maneno yangu, taratibu, kama anavyoandika kwenye faili la mgonjwa: Ruthi. Hatua nne. Alikuwa anapunga. Kisha akaanza kuirudisha kwenye bati, na mama yake akasema, "Usiiweke. Mpe."

Nikaipokea. Mama Neema alinyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma, ambako udongo ulikuwa bado mwekundu na mashada ya maua yameanza kunyauka.

"Miaka yote alikuwa anakuuliza wewe, si sisi," akasema. "Nenda kamsomee."

Nilitoka na picha yangu mkononi. Goti lilikuwa linauma, nikashika ukuta mpaka nikafika. Nilisimama kama hatua nne kutoka kichwani kwake, sikuweza kusogea zaidi. Nikaishika picha kwa mikono miwili. Katikati alipajua. Nikaanzia pembeni.